Ufunguo wa Lala Bado

Kitchener, Ontario
11 Januari 2010

Odile,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu umenizibia kila mahali pengine. Barua pepe zangu tisa hujazijibu. Nikipiga simu mama yako anasema haupo, na nyuma yake nakusikia ukimnong'oneza kwa Kifaransa aseme haupo. Nimekaa Moncton, hapo jirani yenu, miaka minne kabla hatujahamia huku mwezi uliopita. Kifaransa cha kiasi hicho ninacho. Basi nimemwomba dada yangu Janelle stempu, kama mzee, nikakaa chini.

Mambo ni haya. Programu yetu, Lala Bado, imeharibika. Siyo yote, ni upande wenu. Wilaya ya shule za Kifaransa imebadilisha tovuti yake wakati wa likizo, na lile neno "zimefungwa" lililokuwa juu kwenye mstari mwekundu sasa ni picha. Programu yetu haisomi picha. Haikuti neno, kwa hiyo inadhani shule ziko wazi, na saa kumi na mbili asubuhi inapiga kengele: AMKA. Juzijuzi mlipopigwa na dhoruba shule zenu zilifungwa, na simu kama mia tatu ziliwaamsha watu bure. Upande wa Kiingereza uko sawa, wao walilala. Nenda kwenye duka la programu, kwenye ukurasa wetu, ukasome maoni ya watu. "Nyota moja, na hiyo moja nimelazimishwa." Mwingine anasema ameirudia redio ya bibi yake.

Nimeshairekebisha. Ni mistari kumi na minne tu. Lakini duka la programu linalikataa toleo jipya, linasema saini si ileile. Unajua kwa nini. Toleo la kwanza tulilitia saini kwenye kompyuta yako, jikoni kwenu, kwa ufunguo uliouunda wewe, ile faili ya siri. Bila faili ile duka halijui kwamba sisi ni sisi. Janelle aliwaandikia, maana akaunti iko kwa jina lake kwa sababu wewe na mimi hatujafika miaka kumi na minane. Wamemjibu kwamba hawana ufunguo wa akiba. Ukipotea, programu inabaki ilivyo kwenye simu za watu mpaka kiama.

Nitumie faili na neno la siri. Ukitaka kuninunia, ninunie baada ya hapo.

Colby Steeves

Najua yote haya ni kwa ajili ya gazeti. Wewe mwenyewe ulisema usitajwe.


Dieppe, New Brunswick
18 Januari 2010

Colby,

Karatasi inanifaa. Mdomo wangu hukwama, kalamu yangu bado.

Gazeti lilifika kwetu Jumamosi moja kabla ya Krismasi. Baba alilisoma kwa sauti mezani, polepole, kwa sababu Kiingereza cha magazeti humtoa jasho. "Kijana wa miaka kumi na saba ametengeneza peke yake programu ya simu janja inayojua kama kesho kuna shule." Akainua kichwa. "Peke yake? Na wewe kule maktaba tangu Septemba ulikuwa unamshikia koti?" Mama akacheka. Mimi pia nikacheka. Kisha nikaenda bafuni nikafungua bomba ili nisisikike.

Ndiyo, nilisema usinitaje. Mwandishi alipokuja maktaba nilijifungia chooni dakika arobaini nikihesabu vigae. Ukagonga ukaniuliza, "Nimwambie nini?" Nikasema, "Usinitaje." Nakiri. Lakini Colby, ulikuwa unanijua. Nikiulizwa kama nataka kipande cha pili cha keki nasema hapana, na wewe kila mara hunikatia. Siku ile moja tu ndiyo ulijifanya hujui hapana yangu ilivyo. Nilisema usinitaje kwa sababu nilitegemea utanitaja. Na hata kama ulinielewa vibaya, "peke yake" ilitoka wapi? Kunyamaza ni kitu kimoja. "Peke yake" ni uongo ulioutamka kwa ulimi wako.

Nani aliandika sehemu inayosoma tovuti mbili kwa lugha mbili? Nani alikaa wiki mbili akitafuta kwa nini herufi za Kifaransa zenye vikofia zinageuka takataka kwenye simu yako ile yenye kibodi ya kuteleza? Wewe ulichora mwezi unaosinzia, na kitufe. Mwezi ni mzuri. Mwezi hausomi Kifaransa.

Ufunguo ninao. Nitautuma ukishatimiza mambo mawili: uliandikie gazeti wasahihishe, na jina langu liwe ndani ya programu karibu na lako, kwa ukubwa uleule.

Na usiniite mnunaji. Tangu nina miaka sita nasoma asubuhi kwa Kifaransa na mchana kwa Kiingereza. Naweza kukuchukia kwa lugha zote mbili bila kurudia neno.

Odile Bastarache


Dieppe
18 Januari 2010

Binamu Rhéal,

Habari za kisiwani, na habari za gereji. Shangazi hajambo?

Ile kompyuta yangu ya zamani niliyokupa Krismasi, tafadhali usiifute. Kabla ya kukupa nilinakili kila kitu nilichokitengeneza kwa mkono wangu: msimbo wa programu, barua, picha. Nikasahau kitu kimoja kilichoandikwa na mashine yenyewe. Ni faili ndogo iitwayo lalabado. Iko ndani ya folda ambayo jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo haionekani mpaka uiambie kompyuta ikuonyeshe vilivyofichwa.

Inakili utume haraka. Baba asijue. Kuna mtu nimeshamwambia kwamba ninayo mkononi.

Odile


Lamèque
23 Januari 2010

Binamu mwenye haya,

Hivi unajua barua yako imenifikia kazini? Mama aliileta mwenyewe mpaka gereji akidhani kuna msiba. Siku hizi nani anaandika barua? Bosi akazima mashine, mafundi wote wakasimama na spana mkononi wananingoja nilie.

Kompyuta niliifuta siku ileile, bata mzinga wa Krismasi hajapoa. Ilikuwa moto kama tanuri na vitufe vinanata siagi ya karanga. Nimeweka mfumo mpya, na juu yake michezo mitatu mikubwa ya magari. Nilipopata barua nilimpelekea kompyuta rafiki yangu Ludger, yeye hufufua vilivyokufa. Amehangaika siku mbili. Alichofufua ni nusu ya picha ya bibi yetu akiwa na nguo ya kuogelea. Sema kama unaitaka, au nimpe heshima yake niizike tena.

Faili haipo, Odile. Pole sana.

Sasa huyo mtu uliyemwambia unayo unamwambia lini kwamba huna? Mwambie sasa. Uongo wa wiki moja ni aibu, wa mwezi ni kesi.

Rhéal Haché


Kitchener
30 Januari 2010

Odile,

Nimefanya.

Gazeti limechapa sahihisho juzi Alhamisi, ukurasa wa pili, chini ya tangazo la matairi. "Programu ilitengenezwa na Colby Steeves pamoja na Odile Bastarache wa Dieppe." Mhariri aliniuliza kwenye simu, "Mbona hukusema mwanzo?" Nikamwambia kulikuwa na kutoelewana. Akasema, "Kijana, ulikuwa hujui mko wangapi?" Nikamsikia anacheka na watu wengine chumbani.

Bado hujaridhika? Ngoja nikuongezee. Kuna kampuni moja ya programu hapa ilikuwa imenipa nafasi ya majira ya joto kwa sababu ya lile gazeti la kwanza. Niliwapelekea sahihisho mwenyewe, kabla hawajalikuta. Mkubwa wao, Bi Dhaliwal, akaniita. Akanisomea "peke yake", halafu akanisomea "pamoja na". Akauliza, "Sasa sehemu yako ni ipi?" Nikasema mwezi na kitufe. Hakucheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kucheka. Akasema, "Tuletee toleo jipya likifanya kazi kabla Februari haijaisha. Tujue kama unaweza kukitunza kitu ulichokitoa."

Kwa hiyo umenivua nguo mbele ya watu wa miji miwili, bibie. Hongera sana. Jina lako nimeshaliweka ndani ya programu, chini ya mwezi, ukubwa uleule. Litaonekana toleo litakapotoka, na toleo haliwezi kutoka bila faili yako.

Tuma leo.

Colby


Dieppe
6 Februari 2010

Colby,

Gazeti nimeliona. Baba amelibandika kwenye friji.

Faili nitaituma. Kompyuta iko kwa fundi, skrini imekufa. Fundi ana foleni, anasema mwisho wa mwezi. Usinihimize. Wewe ulichukua wiki sita kukumbuka mko wangapi, mimi huwezi kunipa tatu?

Sina la zaidi.

Odile Bastarache


Kitchener
13 Februari 2010

Odile,

Fundi gani?

Nimewapigia mafundi wote wa kompyuta wa Moncton na Dieppe, wako saba. Kwa wawili nilitumia Kifaransa changu kibovu, wakanivumilia. Hakuna aliyepokea kompyuta ya Bastarache. Mmoja aliuliza, "Yule binti ambaye haongei? Huyo hununua waya hapa kwa kuonyesha kidole." Huyo ndiye wewe, na huyo ndiye anayenifanya nipige magoti.

Unaniadhibu. Sawa, nimekuelewa, nastahili kiasi. Lakini kiasi hicho kimepita wiki mbili zilizopita. Ukiwa na sharti la tatu, liseme. Unataka nitembee uchi kwenye barafu? Sema.

Halafu fikiria kidogo kuhusu watu ambao hawajakukosea chochote. Naweza kuiondoa programu dukani leo, lakini simu zilizonayo zitabaki nayo. Janelle ameangalia hesabu ya akaunti: ni simu mia sita na arobaini, karibu nusu upande wenu. Kila asubuhi ya dhoruba zitasema AMKA, kwa sauti ile tamu tuliyoichagua. Kwenye ukurasa wa duka nimeandika kwamba upande wa Kifaransa usiaminiwe. Nani anarudi kusoma habari za kitu alichonacho tayari mfukoni? Watu wametuamini wakaacha kufungulia redio, Odile. Ndicho tulichokuwa tunajivunia.

Likitokea jambo, liko juu ya kichwa chako. Nimeandika na tarehe nimetia.

Colby Steeves


Dieppe
19 Februari 2010

Colby,

Limetokea. Nitaliandika lote, usinikatize. Hiyo ndiyo faida ya karatasi.

Juzi Jumatano ilipiga dhoruba. Shule zetu zilifungwa. Mimi nilijua kwa redio, sijaitumia programu yangu mwenyewe tangu Januari. Chumba changu kinatazama kituo cha basi la shule, unakijua, pale kwenye sanduku la barua. Saa moja na dakika kumi nilifungua pazia kutazama theluji, nikaona koti la zambarau limesimama kituoni. Ni Maëlle wa nyumba ya tatu. Ana miaka kumi. Mama yake ni muuguzi, hutoka saa kumi na mbili na nusu kwenda zamu.

Nilijua palepale kwa nini yuko nje. Sikukisia. Nilijua.

Kulikuwa na kazi ndogo sana ya kufanya. Kushuka ngazi, kufungua mlango, kusema maneno matatu: shule zimefungwa, rudi. Nikasimama nyuma ya pazia nayapanga maneno hayo kwa lugha niliyozaliwa nayo, na bado hayakupangika. Siyo kwa sababu ya haya peke yake. Haya nimezizoea, huwa nazitupia lawama kwa kila kitu. Ilikuwa ni kwamba akiniuliza "Umejuaje kilichonileta hapa?" ningelazimika kujibu. Kwa hiyo nilijiambia moyoni mwangu: sasa hivi atachoka, atarudi. Saa ya redio ilikuwa mbele yangu. Nilisimama dakika kumi na tisa, Colby. Dakika kumi na tisa, nyuzi ishirini na mbili chini ya sufuri, na upepo.

Nilipotoka mwishowe nilitoka na soksi tu, bila viatu. Aliniambia, "Basi limechelewa leo." Nikamwambia haliji. Akasema, "Linakuja. Simu ya mama imesema amka. Ikisema amka, basi huja." Hakuwa analia. Glovu moja alikuwa ameivua ili ale biskuti, akashindwa kuivaa tena, maana vidole havikutii. Vidole viwili vilikuwa vyeupe kama mshumaa.

Daktari anasema kucha zitaanguka zitaota nyingine, na ngozi itarudi. Lakini hapo baridi itamuuma maisha yake yote, hata siku ambazo wenzake hawaisikii.

Jioni mama yake alikuja kwetu kunishukuru. Alikuwa bado na sare ya kazi. Hasomi magazeti ya Kiingereza, hajui. Alinikumbatia akalia begani kwangu, akasema, "Usingekuwepo wewe." Alileta pai ya nyama. Mimi sikuigusa. Baba aliimaliza.

Sasa lile lingine. Ufunguo sina. Kompyuta nilimpa binamu yangu wa Lamèque wakati wa Krismasi, akaifuta. Nilipokuwekea masharti nilidhani bado upo kwake. Barua yake ya kunieleza ilinifikia siku mbili kabla gazeti halijachapa sahihisho lako. Ningekupigia simu siku hiyo ungeokoka na yule mhariri, na Bi Dhaliwal. Sikupiga. Nilitaka kuliona jina langu limechapwa. Nililiona, na lilinifurahisha, na nilijua ninalilipia kwa kitu nisichokuwa nacho.

Uliniambia Novemba nitunze nakala mahali pengine. Nikasema ndiyo. Unajua ndiyo zangu zilivyo.

Odile


Kitchener
25 Februari 2010

Odile,

Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nililipiga teke pipa la taka, Janelle akaja kuona kuna nini, nikampa naye aisome. Amekaa kwenye ngazi anaisoma tena. Akaunti ni ya jina lake, yeye ndiye mtu mzima wetu, na hajawahi kuandika hata mstari mmoja.

Mimi nilikudhania mkatili. Ningependa ungekuwa mkatili. Mkatili angekuwa na faili.

Ulininyamazia nikaenda kujianika gazetini. Halafu ukanitungia fundi. Nimewapigia watu saba, Odile, nikasema tafadhali mara saba, natafuta kompyuta iliyokwishafutwa tangu Krismasi kisiwani! Na yule mtoto. Sitasema kuhusu yule mtoto, kwa sababu nikianza sitamaliza, na mimi pia ule mwezi unaosinzia niliuchora ukiwa unatabasamu.

Sasa nisikilize, maana mmoja wetu lazima atumie kichwa. Nimejenga programu mpya, jina jipya, ufunguo mpya, nakala tatu, moja iko kwenye kabati la Janelle. Inasoma tovuti zote mbili, hata picha, kwa jina la faili la ile picha. Bi Dhaliwal ataiona kesho. Kwa ile ya zamani tutaandika kwamba wilaya ilibadilisha tovuti bila kutoa taarifa. Ambayo ni kweli. Habari ya ufunguo haimhusu mtu.

Usimwambie mama wa yule mtoto. Usimwambie mtu yeyote. Kwa matakwa yako mwenyewe majina yetu sasa yamefungwa pamoja gazetini; ukijitosa unanizamisha nami. Wewe kunyamaza ni kazi yako, huijui nyingine. Basi mara hii moja ifanye kwa faida ya mtu.

Colby


Dieppe
14 Machi 2010

Colby,

Kazi uliyonipa ya kunyamaza sikuifanya.

Nilikwenda kwanza nyumba ya tatu, siku barua yako ilipofika, kabla sijavua koti. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja, jasho likayafuta. Mama yake Maëlle alifungua mlango anatabasamu. Nilimwambia kwamba programu ile nimeitengeneza mimi, na kwamba nilijua tangu Januari imeharibika, na kwamba siku ile nilimwona mtoto kutoka dirishani kwangu. Akauliza, "Kwa muda gani?" Nikamwambia. Akasema, "Nirudishie sahani yangu ya pai." Nikaenda nyumbani kuileta, nikaiosha tena ingawa ilikuwa safi. Akaipokea, akafunga mlango. Tangu hapo tukikutana anavuka barabara, na anafanya vizuri.

Kesho yake nilikwenda redio. Ile inayosoma majina ya shule zilizofungwa asubuhi, na baadaye ile ya Kiingereza iliyo ghorofa ya juu, jengo lilelile. Mtangazaji alidhani nimekuja kutafuta kazi ya kufagia, kwa nilivyosimama mlangoni. Akanipa dakika mbili. Niliyasema haya: mtu yeyote mwenye Lala Bado kwenye simu aifute leo, haitatengenezwa tena, ufunguo wake umepotea na aliyeupoteza ni mimi. Nikasema jina. Sauti yangu ilitetemeka hata mtangazaji akasukuma glasi ya maji, ikagonga kipaza sauti, na mji mzima ukaisikia. Shuleni wananigongea meza kwa vikombe nikipita. Acha wagonge.

Wewe sikukutaja. Uwe nayo hiyo. Wakaniuliza, "Mlikuwa wawili?" nikasema kosa hili ni la mmoja. Haikuwa zawadi, Colby, ilikuwa tu kweli. Kama Bi Dhaliwal amesikia kwa njia nyingine, hilo ni lako na yeye. Siombi unisamehe na sidhani utanisamehe. Mimi pia "peke yake" sijakusamehe. Nilitegemea aibu yangu ingeifunika hasira yangu. Haikuifunika. Zote mbili ziko hapa, zinakaa chumba kimoja.

Janelle ameniletea mistari miwili bila salamu: waliofuta ni wengi, zimebaki simu sabini na moja, na za lugha gani hajui. Huenda ni za watu wasiosikiliza redio, kwa kuwa tuliwafundisha wasisikilize. Siwajui majina. Kwa hiyo siku ya dhoruba naamka saa kumi na moja, navaa suruali mbili, nakwenda kusimama kituoni mpaka saa mbili. Kituo chetu, halafu kile cha kanisani, halafu cha karibu na kiwanda cha maziwa. Miguu haiwezi zaidi ya hapo. Mara mbili za kwanza hakuja mtu, mwenye gari la kusukuma theluji akanipigia honi akidhani nimechanganyikiwa.

Ijumaa ilipiga tena, na pale kwenye kiwanda cha maziwa akaja msichana. Miaka kumi na miwili hivi, kofia mpaka machoni, anatafuna. Nikamwambia shule zimefungwa.

"Nani kasema?"

"Redio. Wewe nani kakuambia uje?"

"Simu ya baba. Imesema amka."

"Simu imekosea."

Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Wewe nani hata ujue kuliko simu?"

"Mimi ndiye niliyeitengeneza programu hiyo."

"Uongo! Hizi zinatengenezwa California."

"Hii ilitengenezwa hapa. Niliitengeneza mimi na mwenzangu."

Akatafuna. Upepo ulikuwa unatupiga kwa ubavu. "Basi mmeitengeneza vibaya," akasema.

"Vibaya sana."

"Si uiambie inyamaze?"

"Hainisikii tena. Mwambie baba aifute. Leo, siyo kesho. Na wewe rudi, ficha mikono."

Akageuka akaenda. Alifika nusu ya barabara, akasimama, akaweka mikono mdomoni akapiga kelele, "We! Baba atauliza nani kasema! Unaitwa nani?"

Theluji ilikuwa inapita katikati yetu kwa kulala, nusu namwona nusu simwoni. Nikavuta pumzi nikalitaja jina langu, la kwanza na la ukoo, na aliposema hajasikia nikalitaja tena, kwa nguvu zote, mpaka dirisha moja ng'ambo likafunguliwa na mtu akachungulia kuona nani anaitwa.

Odile Bastarache